"Nimeanguka Ngazini": Ukatili wa Mpenzi kwa Vijana Wetu

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, kisukari na shinikizo la damu. Mwezi huu nawaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo halionekani kwa darubini wala halina chanjo, nalo linawaumiza watoto wetu wa miaka 14, 16 na 18. Ni ukatili unaofanywa na mpenzi au mchumba.

Wazazi wengi hatupendi kusikia kwamba binti yetu aliye skuli ana mpenzi. Nami ni mzazi, naelewa. Lakini kutopenda kwetu kusikia hakujamzuia kijana hata mmoja kupata mpenzi, na kumewazuia wengi kusema wanapopigwa.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Binti wa ngazini

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa Mji Mkongwe alimleta hospitalini kwetu binti yake wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevimba. Nilipomuuliza binti kilichotokea, mama alimtangulia kujibu: "Ameanguka ngazini." Binti akaitikia kwa kichwa.

Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe anazijua ngazi zake. Zimesimama wima, na kwenye nyumba nyingine kuna giza hata saa sita mchana. Watu huanguka kweli. Nilimfunga bendeji, nikampa dawa ya maumivu, nikamwambia aupumzishe mkono. Juu ya kiwiko niliona alama nne za damu iliyovilia, zimepangana kama vidole. Niliziona. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nikamwita mgonjwa mwingine.

Wiki tatu baadaye alirudi. Safari hii sauti yake ilikuwa imekauka, naye alikuwa amejifunga mtandio shingoni na kuubana kwa pini, katika joto la mwezi wa Februari. Mama alidhani ni mafindofindo. Nilimwomba mama asubiri nje kidogo, nikasema nataka kumpima binti kwa utulivu. Mlango ulipofungwa nilivuta kiti, nikakaa karibu naye, nikamwambia: "Mwanangu, safari iliyopita nilikuona lakini sikukuuliza. Nisamehe. Nani anakuumiza?"

Alilia kwa muda mrefu kabla ya kusema. Alikuwa na uhusiano na kijana wa miaka 20 wa mtaa wa jirani. Mwanzoni kijana yule alikuwa mpole, akamnunulia na simu. Kisha akataka kuona kila aliyempigia. Halafu akamkataza kwenda Forodhani jioni na wenzake. Siku moja alichelewa kujibu ujumbe, akapindwa mkono. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amekabwa koo mpaka macho yakaona giza.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia mama yake. Akanijibu: "Nesi, mama akijua nina mtu atanitoa skuli. Na baba atataka anioe."

Nimebadilisha mambo madogo madogo ili binti huyu asitambulike, lakini maneno hayo ya mwisho ni yake. Yanatosha kutuonyesha kwamba alikuwa akiwaogopa watu wawili: anayempiga, na sisi tuliopaswa kumlinda.

Ukatili huu una sura nyingi

Wengi wakisikia neno ukatili hufikiria kofi na ngumi. Hizo zipo. Lakini kwa vijana, mara nyingi mambo huanza pasipo kipigo. Huanza kwa wivu unaosifiwa kuwa ni mapenzi: "Ananionea wivu kwa sababu ananipenda." Hufuata amri: usivae hivi, usiongee na yule, nipe neno la siri la simu yako. Hufuata matusi na kudharauliwa mbele za watu. Wengine hulazimishwa tendo la ndoa, au kuambiwa, "Nimekulisha na kukuvisha, sasa nilipe."

Siku hizi kuna jambo jingine ambalo tulipokuwa wasichana hatukulijua. Kijana humwomba binti picha za utupu, na wakigombana humtishia kwamba atazisambaza. Vijana wajue kwamba kusambaza picha za namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Aliyetishiwa hana sababu ya kulipa fedha wala kulipa kwa mwili wake. Ahifadhi ujumbe wa vitisho, asiufute, kwa kuwa huo ni ushahidi.

Je, tatizo hili ni kubwa kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, karibu 1 katika kila 4 amewahi kupigwa au kulazimishwa kimapenzi na mwenzi huyo. Hesabu hiyo ni ya dunia nzima, nchi tajiri na maskini.

Hapa kwetu, mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto, Bara na Visiwani, kwa kuwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Bara, karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kimapenzi kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Zanzibar waliosema hivyo walikuwa wasichana takriban 6 na wavulana takriban 9 katika kila 100.

Tuzisome hesabu hizo za Zanzibar kwa makini. Kwanza, wavulana wameumizwa pia, tena kwa wingi kuliko wasichana. Mzazi mwenye mtoto wa kiume asifikiri kwamba habari hii haimhusu. Pili, mimi niliyefanya kazi katika kisiwa hiki miaka mingi siamini kwamba wote walioumizwa walisema. Watu wa pwani tumefundishwa stara, na stara ni jambo jema. Lakini hatari yake ni kwamba anayeumizwa anaweza kuona kwamba kutaja maumivu yake ni kujivunjia heshima.

Kwa nini wananyamaza?

Jibu la kwanza ni muhali. Aliyefanya ni mtoto wa jirani, au mtoto wa rafiki wa baba, au mpwa wa mtu aliyetusaidia wakati wa msiba. Tunaona muhali kwenda polisi. Wazee wanakutana barazani, wanapewa kahawa, mambo yanamalizwa, na binti hakuulizwa hata neno moja.

Jibu la pili ni hofu ya kulaumiwa. Hofu hiyo ina historia. Katika Zanzibar, kuanzia mwaka 1985 ilikuwapo sheria iliyoweza kumfunga mwanamke asiyeolewa aliyeshika mimba, kifungo cha hadi miaka 2. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2005, na kifungo kwa mama kikaondolewa. Lakini kwa miaka 20 wasichana wetu walikua wakijua kwamba ukipatwa na jambo, wewe ndiye mkosa. Sheria hubadilika siku moja ikitiwa saini, na hofu hubaki katika nyumba muda mrefu.

Hata kabla ya hapo mambo hayakuwa mapya. Wazee wetu wanaukumbuka wimbo wa Kijiti wa Siti binti Saad, yule mwanamke wa Fumba aliyefariki mwaka 1950. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni aliyetoka matembezini akauawa na mwanamume aliyekuwa naye. Muuaji akakimbilia Bara, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi. Siti aliimba jambo hilo karibu miaka 100 iliyopita, na watu waliusikiliza wimbo wake kwa sababu waliijua dhuluma ile. Je, sisi tunaomuuliza binti aliyepigwa, "Na wewe ulifuata nini kule?", tumetofautiana sana na mahakama ile?

Kukabwa koo si jambo dogo

Hapa nasema kama muuguzi, na naomba kila mzazi na kila mwalimu ashike neno hili. Mtu aliyekabwa koo anaweza kuonekana mzima, akatembea na kuongea, kumbe ndani ameumia. Mishipa ya damu ya shingo inaweza kujeruhiwa, na koo linaweza kuvimba taratibu na kuziba njia ya hewa. Wapo wanaopata kiharusi au kufariki baada ya saa nyingi, hata siku kadhaa. Mara nyingi shingo haina alama yoyote.

Mpelekeni hospitali mara moja aliyekabwa akiwa na mojawapo ya haya:
- sauti imekauka au imebadilika;
- anapata taabu kumeza au kupumua;
- ana vidoa vyekundu machoni au usoni;
- alizimia, au alijikojolea bila kujua;
- kichwa kinamuuma sana, anatapika au amechanganyikiwa;
- upande mmoja wa mwili umekuwa dhaifu;
- ni mjamzito.

Hata kama hana dalili hizi, apimwe. Tena wataalamu wamegundua kwamba anayemkaba mwenzi wake leo ana hatari kubwa zaidi ya kumuua siku nyingine. Kwa hiyo asirudi kwake eti wapatane.

Akilazimishwa: saa 72

Kijana aliyebakwa, awe msichana au mvulana, afike hospitali haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72, yaani siku 3, kupita. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ambazo atazimeza kwa siku 28 bila kukatisha. Zikichelewa hazifai tena. Atapewa pia tiba ya magonjwa mengine ya zinaa, chanjo ya homa ya ini na ya pepopunda ikihitajika, na mganga atamweleza yanayohusu mimba katika siku hizo za mwanzo.

Asioge kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa ziwekwe katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Lakini kama ameshaoga au siku tatu zimepita, aje vilevile. Majeraha yake na moyo wake vinahitaji tiba.

Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo kinachoitwa Mkono kwa Mkono. Hapo mganga, polisi, afisa ustawi wa jamii na mshauri hupatikana mahali pamoja, ili aliyeumizwa asitangetange ofisi hadi ofisi akirudia habari yake mbele ya watu kumi. Vituo vya namna hiyo vimefunguliwa pia katika hospitali za Makunduchi na Kivunge, kwa walio kusini na kaskazini mwa Unguja. Mtoto, au mtu mzima anayemjua mtoto anayeumizwa, anaweza pia kupiga simu namba 116. Simu hiyo ni bure.

Ikumbukwe kwamba Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya mwaka 2011, inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Na mwaka 2021 Zanzibar ilianzisha mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji ili kesi hizi zisikae miaka. Milango ipo. Kazi iliyobaki ni yetu, ya kumshika mtoto mkono na kumfikisha mlangoni.

Dalili za kuangalia nyumbani

Dalili ya mvua ni mawingu. Mzazi, mtazame mwanao ikiwa:
- anashtuka simu inapolia, na anaogopa kuchelewa kuijibu;
- ameacha marafiki zake, kwaya au michezo aliyoipenda;
- anavaa mikono mirefu au kujifunika shingo wakati wa joto;
- ana majeraha ya mara kwa mara, na maelezo yake hayalingani nayo;
- maendeleo yake ya skuli yameshuka ghafla;
- hali vizuri, halali, au amesema afadhali afe.

Hiyo ya mwisho isichukuliwe kuwa maneno ya kitoto. Usimwache peke yake, na mlete kwetu siku hiyohiyo.

Mzazi, ukiambiwa ufanye nini?

Kwanza, nyamaza usikilize. Neno lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atasema la pili. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Kosa si lako." Habari ya kuwa na mpenzi mtaizungumza siku nyingine, majeraha yakishapona.

Pili, usimtoe skuli. Ukimtoa umemwadhibu aliyeumizwa, na watoto wengine wanaotazama watajifunza kunyamaza.

Tatu, usimwoze kwa aliyempiga ili kuficha aibu. Ndoa haijawahi kuwa tiba ya kipigo.

Nne, usiende kulipiza kisasi. Utaharibu kesi, na unaweza kuishia ndani wewe.

Zamani binti alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfundisha mambo ambayo ilikuwa vigumu kumuuliza mama. Kila binti leo anahitaji mtu wa namna hiyo, awe shangazi, mwalimu au mama wa jumuiya, ambaye anaweza kumwendea bila kuogopa kufokewa. Mzazi mwenye hekima humtafutia mwanawe mtu huyo kabla ya balaa.

Kijana, neno lako

Binti, anayekupenda hahitaji neno la siri la simu yako, wala hahesabu hatua zako kutoka skuli hadi nyumbani. Kama umeamua kuachana na anayekuumiza, fahamu kwamba siku za kuachana ndizo zenye hatari zaidi. Usikubali kukutana naye peke yako "tumalizane", iwe ufukweni, gesti au nyumbani kwao. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Shika kichwani namba mbili za simu, kwa sababu simu yenyewe inaweza kunyang'anywa. Badilisha maneno yako ya siri.

Kijana wa kiume, hasira ni ya kila mtu. Lakini anayesema, "Nilishikwa na hasira nikampiga", mbona hampigi mwalimu wake wala polisi wa barabarani anapomkasirisha? Anaweza kujizuia, ila kwa binti yule ameamua kutojizuia. Ukihisi mkono unataka kuinuka, ondoka hapo, nenda katembee mpaka damu itulie, kisha tafuta mtu wa kuzungumza naye. Na ukiwa barazani na wenzako, mmoja akajisifu jinsi alivyomtia adabu mchumba wake, usicheke. Kucheka kwako ndiko kunakompa nguvu. Na wewe ukiwa ndiye unayepigwa au kulazimishwa, njoo. Hakuna atakayekucheka hospitalini.

Mwisho wa habari ya binti yule

Kwa ridhaa yake nilimwita mama ndani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainua mkono kumpiga mwanawe. Nikaushika. Binti akafungua ule mtandio. Mama alipoiona shingo, mkono ule aliouinua kwa kupiga ukamshika mtoto begani, na hapo wakalia wote wawili. Siku hiyohiyo tulimpeleka Mnazi Mmoja, koo likapimwa, na maelezo yakaandikwa.

Baada ya siku chache walikuja wazee kutoka upande wa kijana. Walikuja kwa adabu. Walisema ni afadhali watoto waozwe upesi kabla maneno hayajaenea mtaani. Baba wa binti aliwajua watu hao kwa zaidi ya miaka 20, akaona muhali kukataa, akainamisha kichwa. Mama ndiye aliyejibu: "Aliyemkaba kabla ya ndoa, baada ya ndoa atamfanya nini?" Wazee wakaondoka na kikombe cha kahawa hakijakwisha.

Yaliyoendelea mahakamani si yangu kuyaeleza hapa. Ninaloweza kusema ni kwamba binti yule alibaki skuli na akafanya mtihani wake wa kidato cha nne. Sauti ilimrudia.

Nami tangu siku ile, kijana akiletwa na mkono uliovimba, humwomba mzazi asubiri nje kidogo, foleni iwe ndefu kiasi gani. Nawaomba nanyi, wapendwa wasomaji, jioni ya leo mzime redio na simu kwa nusu saa mkae na vijana wenu. Msiwahoji kama polisi. Waambieni tu: "Ukiumizwa na mtu yeyote, hata kama ni mtu ambaye sikujua kwamba unaye, njoo kwangu kwanza. Sitakupiga." Kisha mtimize ahadi hiyo.